Mikono Iliyomzunguka: Utangulizi wa Elimu ya Kumkinga Mtoto Mchanga na Virusi vya Kifua

Kutoka wodi za watoto wachanga za Muhimbili hadi Jangwani ni mwendo wa kushuka. Unatoka Upanga, unaifuata Barabara ya Umoja wa Mataifa, unazipita shule za Azania na Jangwani, unafika Faya, na mbele yako ni Kariakoo. Mama aliyeruhusiwa na mtoto wa kilo moja na gramu mia nane hushuka huko kwa bajaji, kichwa cha mtoto kikiwa ndani ya kofia ya sufu, shuka la plastiki la bajaji limeteremshwa upepo usiingie. Safari yenyewe ni fupi, lakini mtoto anahama dunia. Alikotoka, kila aliyemgusa alinawa kwanza. Anakokwenda wanamsubiri bibi, shangazi, kaka zake wawili, na wapangaji wa vyumba sita.

Nyumba yenyewe msomaji wa Dar es Salaam anaijua: vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati, na uani nyuma wenye bomba moja na choo cha wote. Katikati ya Kariakoo nyingi zimebomolewa zikasimama ghorofa za maduka, lakini kuelekea bonde la Mto Msimbazi bado zipo, na kila chumba ni kaya. Mpangaji wa chumba cha mbele akikohoa usiku, wa chumba cha nyuma anamsikia. Hapo ndipo elimu ninayokukaribisha inapoanzia kazi yake, ingawa vitabu vingi huianzisha maabara.

Nimeandika utangulizi huu kwa ajili ya anayeingia mara ya kwanza: mwanafunzi wa uuguzi, mkunga aliyeajiriwa juzi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na pia baba au mama anayetaka kuelewa kwa nini alikatazwa kumpokeza mgeni mtoto wake. Elimu hii haina jina moja la Kiswahili. Inachota kwa madaktari wa watoto, kwa wataalamu wa virusi, kwa wakunga, na kwa watu wanaochunguza makazi, majiko na moshi. Kinachoiunganisha ni jambo moja, na nitalisema mapema ili ulibebe katika kurasa zote zinazofuata. Mtoto mchanga, na hasa aliyezaliwa kabla ya wiki 37, hana ngao yake mwenyewe. Ngao yake ni miili ya watu wengine: damu ya mama, maziwa ya mama, kifua cha mama, na mikono ya wote wanaoingia chumbani. Ukitaka kumkinga, wachunguze hao.

Tuanze na mwili wake. Njia ya hewa ya mtoto mchanga ni nyembamba mno, kiasi cha milimita nne kwenye koo la hewa, na inazidi kupungua kadiri inavyoingia mapafuni. Ukuta wa mrija wenye upana wa milimita nne ukivimba milimita moja kila upande, nafasi inayobaki ni milimita mbili, na ugumu wa kupitisha hewa unapanda mara 16. Uvimbe huohuo katika mrija wa milimita nane wa mtu mzima unaongeza ugumu mara tatu tu, naye ataendelea kuuza vitenge Mtaa wa Kongo huku akipenga kamasi. Ndiyo sababu neno «mafua» linatudanganya. Kirusi ni kilekile, ila mrija kilimoingia ni mwingine. Kisha mtoto wa siku chache hupumua kwa pua karibu wakati wote. Pua ikiziba hanyonyi, asiponyonya anaishiwa nguvu, na akiishiwa nguvu hawezi kuvuta pumzi kwa kasi anayohitaji.

Upande wa kinga, mama humpa mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma. Hizi ni kumbukumbu za magonjwa aliyopata yeye maishani, na nyingi kati yake huvuka baada ya wiki ya 28, tena kwa wingi zaidi katika wiki nne za mwisho. Mtoto njiti ni meli iliyong'oa nanga shehena ikiwa bado gatini. (Neno «njiti» lina ukali wake, kwani linatukumbusha kijiti cha kiberiti. Nimelitumia kwa sababu akina mama wa watoto hawa wanalitumia wenyewe, na wengi wao hulitaja kwa mapenzi.) Malaria ya mimba na virusi vya Ukimwi hupunguza pia kiasi cha kingamwili kinachovuka, hata kwa mtoto aliyetimiza wiki zake zote. Baada ya kuzaliwa, dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, huleta kinga ya namna nyingine inayotanda kooni na tumboni. Kwa njiti asiyeweza kunyonya, maziwa hayo hukamuliwa na kupitishwa kwa mpira wa pua au kikombe kidogo, tone kwa tone. Nimewaona wauguzi wakiyabeba kama mtu abebavyo dhahabu, na nadhani hawakukosea.

Sasa virusi. Viko vingi: vya mafua makali ya influenza, vya parainfluenza, vya adeno, vya korona, na hata vile vya kamasi za kawaida. Lakini mfalme wa jamii hii kwa mtoto mchanga ni kirusi kinachoitwa kwa herufi tatu, RSV. Kiligunduliwa mwaka 1956 nchini Marekani, si kwa watoto bali kwa sokwe waliokuwa wakipiga chafya katika taasisi ya utafiti. Mwaka uliofuata Robert Chanock na wenzake walikipata kwa watoto wa Baltimore, ikabainika kwamba ni ugonjwa wetu sisi. Seli za njia ya hewa zikivamiwa nacho huungana kuta zao na kuwa seli moja kubwa isiyo na kazi, na hapo ndipo kilipopatia jina. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanasema kwamba mwaka 2019 kirusi hiki kiliwaua watoto wapatao 101,400 wenye umri chini ya miaka mitano duniani, na 45,700 kati yao hawakuwa wametimiza miezi sita. Zaidi ya vifo 97 katika kila 100 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ni ugonjwa unaotuhusu sisi, ingawa dawa zake nyingi zilibuniwa mbali nasi.

Historia ya chanjo yake ina jeraha ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulijua kabla hajafungua mlango wa maabara. Katikati ya miaka ya 1960 watafiti wa Marekani walikiua kirusi kwa formalini na kuwachoma watoto wachanga, kwa njia iliyofaa kwa magonjwa mengine. Msimu wa ugonjwa ulipofika, chanjo iligeuka. Kati ya waliochanjwa wakaambukizwa, asilimia 80 walilazwa hospitalini, huku kundi lisilopata chanjo hiyo likilaza asilimia 5 tu. Watoto wawili walifariki. Kwa miongo kadhaa hakuna aliyethubutu tena kwa urahisi, na hofu hiyo ilikuwa ya haki.

Jibu lilikuja mwaka 2013, pale Jason McLellan, Barney Graham na wenzao walipoonyesha kwamba protini ambayo kirusi hutumia kuingilia seli ina maumbo mawili: moja kabla ya kuingia, jingine baada ya kuingia. Kingamwili zenye nguvu kweli hulitambua lile la kwanza, na umbo hilo huvunjika upesi. Waliligandisha lisivunjike. Kutoka hapo zikapatikana silaha mbili. Ya kwanza ni chanjo ya mama mjamzito. Katika jaribio kubwa lililofanyika katika nchi 18, ilizuia takriban asilimia 82 ya ugonjwa mkali kwa mtoto katika siku 90 za kwanza. Ya pili ni sindano ya kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, anayochomwa mtoto mwenyewe mara moja na kumlinda kwa miezi. Kabla yake ilikuwapo nyingine, tangu 1998, iliyohitaji kurudiwa kila mwezi na yenye bei ambayo ni nchi tajiri tu zilizoimudu. Shirika la Afya Duniani liliithibitisha chanjo ya mama mwezi Machi 2025, na Mei mwaka huohuo likapendekeza kila nchi itumie mojawapo ya njia hizi mbili. Chanjo hutolewa kuanzia wiki ya 28 ya mimba.

Simama hapo kidogo, maana mtego umefichwa katika hiyo namba. Mwili wa mama unahitaji kama wiki mbili kutengeneza kingamwili na kuzivusha. Anayejifungua wiki ya 29 hakupata nafasi. Kwa hiyo mtoto anayehitaji kinga kuliko wote ndiye anayefaidika kidogo zaidi na chanjo ya mama yake, na kwake inabaki ile sindano ya mtoto, ambayo ndiyo ngumu zaidi kufika kwetu. Safari ya chanjo kutoka Geneva hadi kliniki ya wajawazito ya Mnazi Mmoja ina vituo vingi: bajeti, majokofu, mafunzo, na mazungumzo na mama mmoja mmoja. Lakini mama wa hapa si mgeni wa wazo lenyewe. Sindano ya pepopunda anayochomwa kliniki akiwa mjamzito ni kinga anayopelekewa mtoto kupitia damu yake. Mkunga akimweleza hivyo, nusu ya safari imekwisha.

Turudi nyumbani, kwa sababu hapo tuna ushahidi wetu wenyewe. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa katika vituo viwili vya wagonjwa wa nje, kimoja kikiwa hospitali ya Amana hapa Ilala na kingine Ifakara. Siku zile homa Dar es Salaam ilikuwa na jina moja tu, malaria. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Malaria ilipatikana kwa mtoto kama mmoja katika kumi, maambukizi ya njia ya hewa kwa watoto 62 katika 100, na virusi kwa watoto 70 katika 100. Utafiti huu uliwafundisha madaktari wengi kuweka kalamu chini kabla ya kuandika dawa ya malaria au antibiotiki isiyohitajika, nami nauheshimu sana. Ila tazama masharti yake: walipokelewa watoto kuanzia umri wa miezi miwili hadi miaka kumi. Mtoto wetu aliyeshuka na bajaji asingeingia. Utakutana na pengo hilo tena na tena katika masomo haya. Umri wenye hatari kubwa ndio unaoachwa nje ya mlango wa takwimu, mara nyingi kwa sababu nzuri za kimaadili.

Swali la nani anamletea mtoto kirusi limejibiwa vizuri zaidi pwani ya Kenya. Huko Kilifi, kati ya mwisho wa 2009 na katikati ya 2010, watafiti wa kituo cha KEMRI na Wellcome walizifuata kaya 47 zenye watu 493. Mara mbili kwa wiki, kwa miezi sita, walichukua makamasi ya kila mtu, mzima na mgonjwa. Hebu fikiri uvumilivu wa kaya hizo! Zaidi ya nusu ya watoto wachanga ambao chanzo cha maambukizi yao kilijulikana walikipata ndani ya nyumba, na aliyekileta mara nyingi alikuwa kaka au dada, hasa yule aanzaye kwenda shule. Watu wazima wengi waliokuwa nacho hawakuumwa kitu.

Na kinafikaje kutoka kwa kaka hadi kwa mchanga? Hapa kuna jaribio dogo la mwaka 1981 la Caroline Breese Hall, daktari wa Rochester huko Marekani, ambalo kwangu ni kati ya mafupi na mazuri kuliko yote katika elimu hii. Watu saba waliwabeba na kuwahudumia watoto wenye RSV, na watano wakaambukizwa. Kumi waligusa tu vitu vya chumbani bila mtoto kuwemo, kisha wakajigusa macho na pua, na wanne wakaambukizwa. Kumi na wanne walikaa chumbani kama mita mbili kutoka kitandani bila kugusa chochote. Hakuambukizwa hata mmoja. Awali yeye na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba kirusi hiki hudumu hadi saa sita juu ya meza ngumu, na nusu saa au zaidi kidogo juu ya kitambaa. Kina utando wa mafuta unaoyeyuka kwa sabuni ya kawaida, hata ile ya mche tunayofulia. Kwa hiyo sabuni kando ya bomba la uani ni dawa, kwa maana halisi ya neno.

Tunayo methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika chumba cha mzazi methali hiyo inahitaji subira. Mila ya arobaini, ambayo Waswahili na Wazaramo wa mji huu wameilinda kwa vizazi, ina sura mbili, nami nawaomba wanafunzi wangu waziangalie zote. Kwa sura ya kwanza, mzazi na mtoto hukaa ndani siku arobaini. Hawapandi daladala, hawaendi sokoni, hawapiti kwenye msongamano wa Mtaa wa Msimbazi. Bibi aliyeweka sharti hilo alijua jambo ambalo maabara ilichelewa kulijua. Kwa sura ya pili, kwa kuwa mama hatoki, mtaa wote unakuja kwake. Wanakuja na «hongera mzazi», na supu, na kanga mpya, na kila mmoja anataka kumpakata mtoto. Jiko la mkaa nalo huingizwa chumbani ili mzazi asipate baridi na maji ya kumkanda yapate moto, na moshi wake huchosha vinyweleo vidogo vinavyofagia njia ya hewa. Sishauri mtu aivunje arobaini. Nashauri bibi, mwenye mamlaka ambayo hakuna daktari anayo katika chumba kile, aongeze masharti matatu: jiko likae uani, mgeni anawe kwanza, na mwenye mafua apongezee mlangoni. Ukimwendea bibi kwa heshima, ukamwamkia shikamoo na kumwuliza anavyofanya kabla hujamwambia cha kufanya, atakusikiliza.

Kifua cha mama nacho kina sayansi yake. Njia ya kangaruu, mtoto akiwa uchi kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, ilianzishwa Bogotá mwaka 1978 kwa sababu ya uhaba wa mashine za joto. Kwa miaka mingi ilitolewa kwa njiti aliyekwisha kutulia tu. Kati ya 2017 na 2020 Muhimbili ilikuwa mojawapo ya hospitali tano, pamoja na za Ghana, India, Malawi na Nigeria, zilizojaribu kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla mtoto hajatulia, kwa watoto wa kilo 1 hadi 1.8. Vifo katika siku 28 vilishuka kutoka asilimia 15.7 hadi 12, na jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikuwa wazi. Kilichobadilika wodini kilionekana kidogo: kitanda cha mama kiliwekwa chumba kimoja na mtoto mahututi. Mtoto aliyekaa kifuani hupokea vimelea vya mama yake, ambaye ana kingamwili zake, hunyonya mapema, na huguswa na watu wachache. Mwaka 2022 ushauri wa dunia nzima ulibadilika, na sehemu ya ushahidi wake ilitoka kilimani pale Upanga.

Lakini kangaruu inadai saa nyingi kwa siku, na saa ni mali. Mwaka 2025 sheria ya kazi ya Tanzania ilibadilishwa, mama aliyejifungua njiti akaongezewa likizo ya uzazi, jambo lililopiganiwa kwa miaka. Ni ushindi wa kweli kwa mwenye mkataba wa ajira. Mama anayepanga nyanya chini Kariakoo hana wa kumwandikia likizo, na siku asiyopanga hakuna chakula. Mtafiti atakayepata njia ya kumlipia mama huyo wiki sita za kukaa na mtoto kifuani atakuwa amefanya kazi kubwa katika elimu ya virusi, hata kama hajawahi kushika darubini.

Sasa dalili, nami hapa sitakuwa na haraka. Mtoto chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, hilo ni la hospitali. Mhesabu akiwa ametulia, fulana imepandishwa, dakika nzima ukitazama saa, kwani mchanga hupumua kwa mafungu, na ukihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili utadanganyika. Pumzi zikifika 60 au zaidi, subiri, uhesabu tena. Tazama chini ya mbavu: zikibonyea ndani kwa nguvu kila avutapo pumzi, usihesabu tena, ondoka. Vivyo hivyo akiguna, matundu ya pua yakitanuka, midomo ikigeuka rangi, au akiliacha titi. Na kwa njiti jua hili: huenda asikohoe wala asipate homa. Dalili yake ya kwanza yaweza kuwa ubaridi na ulegevu, au pumzi kusimama kwa sekunde kadhaa kisha kurudi. Dawa ya kikohozi ya dukani haimsaidii, na antibiotiki haiui kirusi. Atakachopata hospitalini ni oksijeni, maji au maziwa kwa mpira, pengine hewa ya kusukumwa puani ili mapafu yasifunge, na macho ya muuguzi usiku kucha. Wengi hupona kwa hayo.

Wasiofika hospitali ndio wanaonisumbua. Huko Lusaka, Zambia, watafiti walipima pua za watoto wachanga waliofikishwa chumba cha maiti kati ya 2017 na 2020. Walikipata RSV kwa kama 7 katika kila 100, na zaidi ya nusu ya hao walifia nje ya hospitali. Vifo hivyo visingeingia katika daftari la wodi yoyote. Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikadiria kuwa watoto 24 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai hufariki kabla ya siku 28. Ndani ya hao 24 wamo waliokwenda na kirusi kisichopimwa, katika chumba cha nyumba kama ile ya bondeni, mvua za Msimbazi zikiwa zimeibana familia nzima kwenye chumba kimoja kikavu.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, fanya zoezi hili. Omba ruhusa kwa mzazi mmoja na bibi wa nyumba, ukae ukumbini karibu na mlango wa chumba tangu alasiri. Kila anayemgusa mtoto mwandike, na uandike kama alikuwa amenawa mikono. Ukiona mwenye mafua ananyoosha mkono, mwombe kwa adabu anawe, kisha endelea kuandika. Nilipolifanya mimi, ukurasa ulijaa kabla ya adhana ya Magharibi, na mkono uliojirudia kuliko yote ulikuwa wa kaka yake wa miaka minne.